Elimu ya Jamii kwa Wakristo

Twaulizwa na mzazi mmoja wa Mumias, Kakamega, mji ulioletewa Uislamu na misafara ya pwani: je, yafaa mwanawe asome sosholojia katika chuo kikuu cha Wakristo? Mzazi achelea kanisa. Sisi twachelea zaidi kitabu. Durkheim aliandika mwaka 1912 kuwa kinachoabudiwa katika dini ni jamii yenyewe. Neno hilo lamchoma padri kama limchomavyo Muislamu. Lakini Ibn Khaldun naye, katika Mukadima yake ya 1377, alichunguza makabila, miji na dola, wala hakuiacha imani yake. Basi kijana na aende, ila kwanza baba amweleze kwa nini yeye mwenyewe huswali. Tulipomuuliza kama amepata kumweleza, alinyamaza.