Anayeongoza na Anayefuata

Mtu anapokubali kuongozwa na mwenziwe, je, huwa ameuacha uhuru wake? Swali hili kongwe halimo vitabuni peke yake. Limo pia katika sakafu ya dansi, pale mikono inaposhikana na mguu wa kwanza ukawa bado kuinuka.

Dansi la kushikana si geni Dar es Salaam. Bendi ya Dar es Salaam Jazz iliundwa mwaka 1932, na katika vilabu vya zama zile vijana walifundishana hatua za walsi, foksitroti, rumba na tango. Dansi lilipoenea hadi Kinondoni na Temeke, wimbo wake aghalabu ulikuwa na sura mbili: huanza polepole, wawili wakienda pamoja, likiwaka chemko, huachana, kila mmoja akajichezea atakavyo. Ni rahisi kudhani kuwa uhuru umo katika chemko tu, na kwamba ule mwanzo ni wa mwanamume kuamuru na mwanamke kutii.

Tango lenyewe halikubali dhana hiyo. Lilizaliwa Buenos Aires na Montevideo katika karne ya 19, miongoni mwa wahamiaji na watu weusi waliotokana na watumwa. Mkusanyiko wa kulicheza huitwa milonga, neno ambalo wataalamu wengi hulinasibisha na Kimbundu cha Angola, kwa maana ya "maneno". Mswahili asiyejua Kimbundu atalisikia humo kitenzi chake mwenyewe: kulonga.

Basi tango ni mazungumzo. Anayeongoza hasukumi wala havuti. Huuelekeza uzito wa mwili wake, akapendekeza, kisha akangoja. Anayefuata hulipokea pendekezo, akalijibu kwa hatua yake, na kabla hajaikamilisha, mwenziwe hana pa kwenda. Wapenzi wa ushairi wanalijua jambo hili katika kujibizana. Anayejibu hufungwa na bahari, vina na mizani ya aliyeanza, lakini kauli ni yake, na pengine ndiyo itakayokumbukwa. Aliyetangulia naye, hata awe bingwa, hawezi kumtungia mwenziwe jibu.

Hata hivyo, mfano huu usitupumbaze. Mshairi aweza kunyamaza asijibu. Tena kesho aweza kuanza yeye. Mwenye kufuata siku zote, asiye na ruhusa ya kukataa, huyo hazungumzi, huitikia tu. Wachezaji wa milonga walilitambua hilo zamani. Kwa desturi yao, mwaliko hutolewa kwa jicho kutoka mbali, na asiyetaka hugeuza uso, pasi na kumwaibisha yeyote. Na katika mazoezi ya zamani ya Buenos Aires, wanaume wengi walianza kwa kujifunza kufuata, mikononi mwa wanaume wenzao, kabla ya kuongoza. Aliyewahi kuburutwa huujua ubaya wa mkono mzito.

Hapo ndipo ulipo mzigo wa mwalimu. Huku pwani neno "somo" ni funzo, na pia ni mwanamke anayemfunda mwali: funzo na mfunzi wameitwa jina moja, kana kwamba mwanafunzi huchukua tabia pamoja na maarifa. Mwalimu wa dansi, awe Temeke au kwingineko, anayewafundisha wavulana kuongoza tu na wasichana kufuata tu, amewapa nusu ya hatua na amewanyima adabu yake. Awafundishe wote pande zote mbili. Na kabla ya hatua ya kwanza, awafundishe kukataa bila kiburi na kukataliwa bila hasira.

Anayefuata, basi, hajaupoteza uhuru wake maadamu mlango wa kukataa uko wazi na zamu ya kuongoza yaweza kumfikia. Mlango huo ukifungwa, hata wawili hao wakipendeza vipi machoni mwa watazamaji, anayecheza ni mmoja tu.