Kabla ya Kumwita Mzito

Barabarani, kupunguza gia kuna sura ya kushindwa. Dereva bodaboda anayepanda mlima kwa gia ya nne husifiwa kwamba chombo chake kina nguvu. Akirudi mpaka ya pili, abiria anamuuliza kama pikipiki inaumwa. Hapa Munanila, kwenye nyanda za juu za Kigoma karibu na mpaka wa Burundi, milima haikosekani, kwa hiyo hukumu hiyo naisikia mara kwa mara. Inanisumbua kwa sababu naona watu nao tunawahukumu hivyo hivyo.

Tuanze na injini. Kuna vitu viwili ambavyo katika mazungumzo yetu vyote tunaviita “nguvu”. Cha kwanza ni toki, yaani nguvu ambayo injini inatumia kuzungusha krenki. Cha pili ni pawa, yaani kazi inayofanyika kila sekunde. James Watt aliilinganisha pawa ya injini za mvuke na ya farasi, na mpaka leo tunahesabu farasi. Mmoja ni takriban wati 746. Pawa hutokana na toki kuzidishwa kwa kasi ya mzunguko. Injini yenye toki ya nyutoni-mita 10 kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika inatoa kilowati 3 na kidogo. Toki hiyo hiyo kwenye mizunguko 6,000 inatoa mara mbili yake.

Gia haiongezi pawa hata chembe. Kidogo hata hupotea kwa msuguano. Kazi yake ni kubadilishana: ikipunguza kasi mara tatu, inaongeza nguvu ya kuzungusha karibu mara tatu. Sasa chukua pikipiki, dereva, abiria na mikungu ya ndizi, jumla kilo 300. Kuvipandisha mita 100 kwenda juu ni kazi ya takriban jouli 300,000. Mlima unadai deni hilo lote, haupunguzi. Unachoweza kuchagua ni muda wa kulilipa.

Ukiing’ang’ania gia ya nne, mizunguko inashuka na pawa inashuka nayo. Injini inakoroma, inatetemeka, inazima. Farasi wake wote bado wamo. Haikupewa nafasi ya kuzunguka mpaka iwafikie.

Mtoto wa huku kwa kawaida huanza maisha kwa Kiha. Shule ya msingi ya serikali inamfundisha kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza, masomo kama biolojia na hisabati yanamjia kwa Kiingereza, yote kwa mpigo. Gia imebadilishwa kwa kalenda, hakuna aliyesikiliza mlio. Mtoto aliyekuwa akiuliza maswali mpaka anawachosha wakubwa anakuwa bubu darasani, na kabla mwaka haujaisha ameshapewa jina: mzito. Aliyempa jina hilo ameangalia kasi tu.

Upande wa pili una hoja, tena yenye uzito. Gia ya kwanza si makazi. Ukikaa nayo kwenye tambarare, injini inapiga kelele, inachoma mafuta, na safari haisogei. Ukimbembeleza mtu milele, nako ni kumdharau. Dereva mzuri huongeza gia, ila huongeza pale kasi iliyokusanywa inapotosha kuibeba gia inayofuata bila injini kuanza kukoroma. Saa ya mkononi haimwambii wakati huo umefika. Anausikia.

Tena si kila anayekwama amewekwa kwenye gia isiyomfaa. Zipo injini zenye farasi wachache, na wavivu wapo. Ninachodai ni utaratibu wa hukumu: huna haki ya kusema injini ni dhaifu kabla hujapunguza gia ukajaribu. Ukishajaribu na bado haipandi, sema. Kabla ya hapo unachokijua ni kwamba gia na mlima havikupatana.

Mpaka hapa wengi tutakubaliana. Ugumu uko kwenye muda. Dereva anayepanda kwa gia ya pili anachelewa, na jioni anaweza kukosa safari moja. Mwalimu anayerudia somo taratibu, akieleza kwa Kiswahili kisha kwa Kiingereza, anaachwa nyuma na silabasi huku mtihani wa taifa haumsubiri. Anayehubiri kwamba watu wapewe muda bila kusema muda huo utoke mfukoni mwa nani, bado hajasema kitu.

Jibu langu ni kwamba alipe kwanza aliyechagua gia. Injini haijichagulii gia, na mtoto wa kidato cha kwanza hakuchagua lugha wala tarehe ya kuhamia humo. Tulichagua sisi wakubwa: wazazi, walimu, wenye kuandika sera. Kwa sasa gharama yote anaibeba yeye, kwa kimya chake na kwa jina alilopewa. Na yeye, tofauti na injini, anaweza kuulizwa anaelewa nini na anakwama wapi. Kumuuliza kunakula dakika za kipindi. Dakika hizo ni zetu kulipa, maana mguu ulio kwenye pedali ya gia ni wetu.