Rai ya Mtangazaji ni ya Nani?

Tumeulizwa na kijana mmoja katika wanafunzi wa darsa yetu swali ambalo mwanzo tulilidhani ni jepesi, na kila tulipolirejea tukaliona lina mizizi mirefu. Kijana huyu ameitwa na kituo kimoja cha redio hapa Mombasa apewe kipindi cha saa mbili kila jioni, cha nyimbo na mipira na mambo ya watu mashuhuri. Akaambiwa: "Hatukutaki usome khabari, wasomaji tunao. Twataka useme unayoyaona wewe." Basi akatujia baada ya Magharibi, karatasi ya mkataba mkononi, akasema, "Sheikh, nikitanguliza kuwa haya ni maoni yangu tu, je, nimetoka katika lawama?"

Tulimwambia arejee wiki ya pili, kwani jawabu lililotujia ulimini lilikuwa la haraka, na jawabu la haraka huwa ni la mazoea. Haya tuyaandikayo ndiyo tuliyoyafikiri katika siku hizo, nasi twayaweka mbele ya wasomaji wetu ili mwenye kuona kosa atusahihishe.

Watu wa elimu tangu zamani wamepambanua baina ya khabari na rai. Mwenye khabari huulizwa: umeipokea kwa nani? Mwenye rai huulizwa: hoja yako ni ipi? Kisha kuna kitu cha tatu ambacho hakiulizwi chochote, nacho ni ladha ya nafsi. Mtu akisema kuwa mkate wa mofa wampendeza kuliko chapati, hakuna mwenye akili atakayemwomba dalili. Na akisema taarabu yamtuliza na rumba yamchosha, au kwamba roho yake iko kwa Gor Mahia na si kwa AFC Leopards, hayo ni mambo baina yake na nafsi yake. Kwa mizani hii mtangazaji wetu angekuwa salama kabisa, kwani mengi atakayoyasema ni ya ladha, na ladha haina kesi.

Hivyo ndivyo tulivyodhani, mpaka tulipokumbuka jambo lililotupata sisi wenyewe.

Miaka michache iliyopita tulikuwa tumekaa na wanafunzi baada ya darsa ya alfajiri, na chai imeletwa na mahamri yake. Tukasema kwa mzaha kwamba mahamri ya siku hizi ya yule mama wa pembeni yamepungua iliki. Hatukusema zaidi ya hayo, wala hatukuwa na nia mbaya. Ilikuwa ni ladha ya ulimi wetu. Wiki ile mama yule, naye ni mjane, alikuwa akirudi nyumbani na kapu lake karibu limejaa kama alivyotoka nalo. Hakuna aliyewakataza watu kununua. Neno lilitoka kinywani mwetu likiwa ladha, likafika mtaani likiwa hukumu, kwa sababu waliolisikia wamezoea kutuamini katika mambo mengine makubwa zaidi ya iliki. Tulipokwenda kumtaka radhi alitwambia bila ya kuinua macho, "Sheikh, iliki imepanda bei." Hatukuwa na la kusema.

Tangu siku ile tumejua kwamba neno halipimwi kwa nia ya msemaji peke yake, bali hupimwa pia kwa kiasi cha imani aliyowekewa. Na redio, enyi ndugu, ni chombo cha kukusanya imani. Mtu ambaye hujapata kumwona huingia jikoni kwako asubuhi, huwa nawe garini katika msongamano, huwa na fundi wa cherehani mchana kutwa. Hucheka, husahau jina la mwimbaji, hukumbushwa, huomba radhi. Baada ya mwaka mmoja unamjua kuliko unavyomjua jirani yako, ilhali yeye hakujui hata kidogo. Katika baraza mtu akisema upuuzi, mwenzake humjibu pale pale. Na anayesikiliza anajua kuwa msemaji huyu ni mwenye deni kwa fulani au mwenye ugomvi na fulani, hupunguza kwa kadiri hiyo. Redioni hayo hayako. Watasema wasikilizaji siku hizi hupiga simu na kupeleka ujumbe. Ni kweli, lakini kidole kilicho juu ya kitufe cha kuikata simu ni cha nani?

Na sasa tutoe mfano wa mbali, kwani mfano wa mbali huonekana wazi kuliko wa karibu. Katika mji wa Chicago, huko Marekani, palikuwa na mtangazaji kijana aitwaye Steve Dahl. Mwishoni mwa mwaka 1978 kituo alichokuwa akifanya kazi kiliamua kuacha muziki wa rock na kupiga disko, naye akapoteza kazi yake. Akapata kazi katika kituo kingine, na huko akafanya ni desturi kulikejeli disko kila asubuhi. Hapo hapana ajabu. Mtu amechukia muziki uliomtoa kazini, nani asiyemwelewa? Wasikilizaji wakapenda kejeli ile, wakaongezeka. Ndipo wenye timu ya besiboli ya White Sox, ambayo viti vyake vilikuwa havijai, wakapatana na kituo kile: mwenye kuja na santuri ya disko ataingia kwa senti 98, na baina ya mchezo wa kwanza na wa pili santuri zote zitatiwa katika sanduku na kulipuliwa kwa baruti katikati ya uwanja.

Ilikuwa tarehe 12 Julai 1979. Walitarajia watu elfu ishirini hivi, wakaja karibu na elfu hamsini, na wengine wakabaki nje. Sanduku likalipuliwa. Na mara ile ile maelfu ya watu waliruka nyua, wakaingia uwanjani, wakang'oa majani na kuwasha moto, mpaka polisi wakaja kuwatoa. Watu 39 walikamatwa. Mchezo wa pili haukuweza kuchezwa, na White Sox wakahesabiwa kuwa wameshindwa.

Lakini si uwanja ulioharibika unaotushughulisha. Disko lilikuwa ni muziki uliokulia katika kumbi za watu weusi na wa asili ya Amerika ya Kilatini na wengine waliotengwa katika miji ile. Na usiku ule palikuwa na kijana mweusi, Vince Lawrence, aliyekuwa akifanya kazi ya kuwaonyesha watu viti vyao, ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa watungaji wa kwanza wa muziki wa house. Yeye amesimulia kwamba aliziona santuri zilizoletwa, na nyingi hazikuwa za disko hata kidogo. Zilikuwa tu ni za waimbaji weusi. Bwana Dahl kwa miaka yote amekanusha kuwa alikusudia chuki ya watu. Asema alikuwa akiucheka muziki tu. Nasi hatuna idhini ya kuupasua moyo wake, na huenda ni mkweli. Lakini hapo ndipo penye uzito wa mas'ala yetu. Yeye alisema "disko", na baadhi ya waliosikia wakasikia kitu kingine walichokuwa nacho tayari vifuani mwao, wakapata ruhusa ya kukitoa. Mtangazaji hatii chuki katika moyo usiokuwa nayo, au mara chache hutia. Anachokitoa ni ruhusa. Na ruhusa yatoka kwa mtu anayependwa, si kwa mtu anayeogopwa.

Turudi kwetu. Wakenya wa umri wetu wote wamekua na sauti ya marehemu Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Mombasa wa mwaka 1940, aliyefariki mwezi wa Februari 2025. Alitangaza mpira hata asiyejua mpira akasimama. Na tangu mwaka 1966, kwa zaidi ya miaka 50, alikuwa na kipindi chake "Je, Huu ni Uungwana?", ambacho kilikuwa ni maoni ya mtu mmoja juu ya tabia za watu: wanaofanya hivi matatuni, wanaofanya vile matangani. Twaona hiyo ndiyo rai ya redio katika sura yake iliyo bora kabisa. Hata kichwa chake ni swali! Hakusema "huu si uungwana", bali aliuliza, na msikilizaji akabaki na kazi ya kujibu.

Sasa tazama. Alfajiri ya tarehe 1 Agosti 1982 askari wa jeshi la anga walipotaka kuipindua serikali, walikwenda nyumbani kwa Bwana Mbotela, wakamchukua kwa nguvu mpaka kituoni, wakamlazimisha awatangazie watu kwamba serikali imepinduliwa. Kwa nini yeye? Askari wana midomo na maikrofoni ilikuwa mikononi mwao. Walimtaka kwa sababu walijua kuwa nchi itaiamini sauti ile. Imani iliyokusanywa kwa mabao na adabu za matatuni ilitakiwa itumiwe, kwa mtutu wa bunduki, katika jambo la kuua na kutawala. Jaribio lile lilishindwa, na yeye hana lawama, maana alilazimishwa. Lakini wale askari walifahamu jambo ambalo kijana wetu mwenye mkataba bado hajalifahamu: kuwa imani ipatikanayo katika mambo madogo ni mali, na mali hiyo yaweza kuchukuliwa na mwengine akainunulia kitu chake.

Wapo walioichukua bila ya bunduki. Redio ya RTLM ya Rwanda ilipoanza mwezi wa Julai 1993, vijana waliipenda kwa nyimbo za Zaire na kwa watangazaji wake waliozungumza kama watu wa mtaani, wenye mizaha, si kama redio ya serikali iliyokuwa kavu. Mwezi wa Aprili 1994 sauti zile zile, na mizaha ile ile, zilikuwa zikitaja majina ya watu na mahali walipojificha ili wauawe. Hatutayarefusha haya, yajulikana. Twataja moja tu, kwa kuwa latuhusu. Mmoja wa watangazaji wale, Mbelgiji Georges Ruggiu, alikamatwa hapa hapa Mombasa mwezi wa Julai 1997. Mwaka 2000 alikiri makosa mbele ya mahakama ya Arusha akahukumiwa kifungo cha miaka 12. Huenda tulipishana naye njiani.

Msomaji atasema tumevuka mipaka: kutoka mahamri mpaka mauaji! Twakubali kuwa njia ni ndefu, na watangazaji wengi kabisa wataishi na kufa bila ya kuipita. Wala hatutaki redio za watu wasiokuwa na rai. Redio ya zamani iliyosoma tu, ikapiga tu, haikuwa bila ya rai. Ilikuwa na rai ya mkubwa aliyechagua nini kisomwe na nyimbo gani zifungiwe kabatini, na rai iliyofichwa ni vigumu kuijibu kuliko inayosemwa. Kwa hilo twawapendelea hawa wa leo wanaosema "mimi naona". Angalau twajua nani wa kumuuliza.

Basi kijana akarejea, tukamjibu hivi. Ladha yako ni yako, iseme, na anayekukataza kuipenda timu yako hana haki. Lakini neno "maoni yangu tu" halikutoi katika lawama. Neno hilo lina maana pale tu ambapo maoni ni yako kweli, na ambapo uko tayari kuulizwa hoja yake na yule uliyemtaja. Ukisema mwimbaji fulani hajui kuimba, jiulize kama ungelisema akiwa ameketi mbele yako; na ukisema Jumamosi timu fulani itashinda, kumbuka kuwa wapo watakaolipokea hilo si kama mazungumzo bali kama shauri, wakaweka nauli na karo katika kamari. Serikali haikusimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30 mwezi wa Aprili 2025 kwa sababu watu walikuwa wakicheza na punje za kunde.

Kisha tukamwomba atusomee ule mkataba. Tukausikiliza mpaka tukafika kifungu cha tisa, kisemacho kwamba mtangazaji atazitaja bidhaa za wanaolipa kituo ndani ya mazungumzo yake, kwa maneno yake mwenyewe, kama kwamba ni vitu anavyovitumia nyumbani kwake. Tukamsimamisha hapo.

"Hiki," tukamwambia, "si maoni yako wala si tangazo. Tangazo lajulikana kuwa ni tangazo, na msikilizaji huweka kando. Hapa wataka kuikodisha ile imani kabla hujaipata. Wakiitaka kwa sabuni leo, kesho uchaguzi ukija wataitaka kwa kitu gani?"

Akasema, "Lakini Sheikh, wote wametia saini kifungu hicho."

Hatukumkataza. Baba yake ni mgonjwa, na mshahara ule ni mara tatu ya anaoupata dukani. Tulimwambia awaendee aombe kifungu cha tisa kiondolewe, au kibadilishwe ili bidhaa zitajwe kwa jina la tangazo, na wakikataa ajue kwa hakika anachokiuza na bei yake. Alitoka kimya. Siku ya nne alipeleka ujumbe kuwa wamekubali nusu: atatangulia kusema "wenzetu wanaotudhamini", kisha aendelee kwa maneno yake. Aliuliza kama nusu hiyo yatosha. Tumemwandikia kuwa hatujui, na kwamba tutamsikiliza. Anaanza Jumatatu, saa kumi na mbili jioni. Yule mama wa mahamri anayo redio kibandani kwake, nasi tumemwomba aifungulie.