Mwalimu wa Nyumbani au Chuo?

Ndugu zangu Waislamu, wengi katika mji wetu wamekuwa wakiwatoa watoto wao chuoni na kuwaajiria mwalimu wa kuwasomesha sebuleni, mtoto mmoja na mwalimu wake. Baba mmoja alinijia baada ya Isha akasema, "Shekhe, lipi lililo bora?" Nikamjibu kwa swali: "Ndugu yangu, unapomtoa mwanao chuoni, wakimbia nini?"

Kwani sababu ni mbili, na hukumu zake si moja. Ikiwa mtoto ni mzito wa kushika, au ulimi wake haujatenganisha haa na khaa, na chuoni wamo arubaini mbele ya mwalimu mmoja, huyo ana haki ya kukaliwa peke yake. Herufi hurekebishwa mdomo kwa mdomo. Wakisoma wote kwa sauti moja, kosa la huyu hufichwa na sauti za wenziwe. Na Mtume (S.A.W.) alikuwa akidurusu Qurani na Jibrili kila Ramadhani, na mwaka aliofariki walidurusu mara mbili.

Lakini yuko amtoaye mwanawe kwa kuwa hapendi aketi jamvi moja na mtoto wa mchukuzi. Huyu na akumbuke kisa cha Imamu Bukhari. Amiri wa Bukhara, Khalid bin Ahmad, alimtaka awasomeshe wanawe katika kikao chao peke yao, wasichanganyike na watu. Imamu akakataa kuwahusu hao kwa ilimu na kuwanyima wengine. Akatolewa katika mji wake mwenyewe, akafia Khartank, karibu na Samarkand, mwaka 256 Hijria (870).

Wala fakiri si yeye peke yake apataye hasara. Ibn Sina, naye alikuwa waziri, mtu wa majumba ya wafalme, aliona mtoto asome pamoja na wenziwe, kwani mtoto hushika kwa mtoto mwenziwe, na akiwa peke yake na mwalimu huchoshana wote wawili. Nami nimeyaona hayo: sura iliyonishinda kumshikisha mtoto kwa siku tatu, alishikishwa na mwenziwe wa miaka tisa asubuhi moja, tena kwa utani!

Yule baba nilimwambia amrudishe mwanawe chuoni, na siku mbili kwa juma, baada ya Alasiri, mwalimu yule yule wa chuo amsikilize peke yake, kwa ujira wake kamili. Na mtoto wa jirani mwenye kosa kama lake, asiye na cha kulipa, aketi naye. Akaniambia atashauriana na mama mtoto.