Mwandikishe kwanza

Msikilizaji, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto haki ya kusoma pamoja na wenzake katika shule ya kawaida. Haimtaki kwanza apone. Hata hivyo, huku kwetu Rukwa, iwe Laela au Mtowisa, mzazi huweza kumweka nyumbani mtoto asiyeona vizuri kwa kuwa shule ya kijiji haina mwalimu wa elimu maalumu. Hoja hiyo ina uzito. Walimu hao hawatoshi, na darasa lililofurika humchosha hata mwalimu mwenye moyo. Lakini mtoto asiyeandikishwa hahesabiwi, na asiyehesabiwa atapangiwaje mwalimu au vifaa? Isitoshe, mengi hayangoji mtaalamu: kukaa dawati la mbele, mwalimu kusoma kwa sauti anachoandika ubaoni, kupewa muda zaidi. Baraza la Mitihani lenyewe huwaongezea muda watahiniwa wasioona na wenye uoni hafifu, na huwaandalia mitihani ya nukta nundu au maandishi makubwa, mradi shule imetoa taarifa zao mapema. Basi mzazi, mwandikishe mwanao. Mweleze mwalimu mkuu hali yake, na ukikwama, nenda kwa afisa wa elimu maalumu wa halmashauri yako.