Chuma, Udongo na Ndoa za Wafalme

JUMANNE

Soma Danieli 2:41–44. Watawala wa siku za mwisho za ile sanamu wangejaribu kuunganisha falme zao kwa njia gani? Matokeo yangekuwa nini?

Danieli alieleza kwamba falme zilizotokana na kugawanyika kwa Rumi zingechanganyikana kwa uzao, lakini zisingeshikamana. Historia ya Ulaya imelithibitisha neno hilo mara nyingi, na ukurasa mmoja wa historia hiyo unagusa pwani yetu.

Aprili 1498, São Rafael, mojawapo ya merikebu za Vasco da Gama, ilikwama kwenye kina kifupi karibu na Mtangata, ambayo ndiyo Tongoni ya leo, kusini mwa Tanga. Maji yalipojaa ikaelea tena. Januari 1499, wakirudi kutoka India, mabaharia wengi walikuwa wamekufa kwa ugonjwa, na waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu tatu. Wakaichoma moto São Rafael katika pwani hiyo hiyo.

Mfalme aliyewatuma alikuwa Manuel wa Kwanza wa Ureno, wa ukoo wa Aviz uliotawala tangu mwaka 1385. Agosti 1498, wakati merikebu zake zingali ng'ambo, mkewe Isabella alijifungua mtoto wa kiume, Miguel, naye mama akafariki. Mtoto huyo alitambuliwa kuwa mrithi wa Ureno, Castile na Aragon: falme tatu juu ya kichwa cha kitoto kimoja! Mwaka 1500 alifariki, hata miaka miwili hajatimiza.

Manuel alimwoa Maria, ndugu wa marehemu. Maria naye alipofariki, akamwoa Eleanor, mpwa wa wake zake wawili wa kwanza. Watoto na wajukuu wake waliendelea kuoana na jamaa hizo hizo. Kwa kawaida mtu huwa na wazazi wanane wa babu na bibi zake. Sebastian, kitukuu wa Manuel, alikuwa nao wanne tu. Kijana huyo aliuawa vitani Morocco mwaka 1578, bila mke wala mtoto. Kardinali Henry, mwana wa Manuel, akashika kiti akiwa mzee, naye akafa mwaka 1580 bila mrithi. Ndipo Philip wa Pili wa Hispania, mjukuu wa Manuel kwa upande wa mama, akaitwaa Ureno. Mwishowe ndoa zikaonekana kuziunganisha falme. Lakini baada ya miaka 60, mwaka 1640, Wareno wakajitenga. Chuma na udongo havikushikamana.

Si wafalme wa Ulaya peke yao waliotafuta kudumu. Tongoni penyewe, wakuu wa mji walizikwa penye nguzo za mawe ya matumbawe zilizopambwa kwa vyombo vya thamani kutoka ng'ambo. Leo nguzo nyingi zimelala chini.

Soma Mathayo 1:1–16. Ni akina nani katika ukoo wa Yesu ambao mfalme wa dunia angependa kuwaficha?

Mathayo hamfichi Tamari, wala Rahabu, wala Ruthu Mmoabi. Anautaja uhamisho wa Babeli, ambako kiti cha Daudi kilibaki kitupu, kisha anafika kwa Yusufu, fundi seremala. Yesu pia alikufa kijana, bila mke wala mtoto. Kwa hesabu ya Sebastian, ufalme wake ungeishia kaburini. Lakini alifufuka, hahitaji wa kumrithi, bali anatuita sisi tuwe warithi pamoja naye (Warumi 8:17).

Hata hivyo, swali la "Ni mtoto wa nani?" halijatoka kwetu. Tunaliuliza kijana wetu anapoleta mchumba wa kabila lingine. Tunaliuliza kimoyomoyo tunapochagua wazee wa kanisa. Ndugu waliobatizwa kisima kimoja hukatana kauli kwa ajili ya shamba la marehemu baba. Lile jiwe lisilochongwa kwa mikono linakuja, wala halitauliza ukoo wa mtu.

Tafakari: Ni jina gani, mali gani au undugu gani unaoutegemea ukudumishe? Ukijua kwamba wewe ni mrithi pamoja na Kristo, ni ugomvi gani wa urithi uko tayari kuuacha juma hili?