Haki ya Mgeni na Haki ya Jamaa

Miongoni mwa masuala ambayo maisha ya ughaibuni humletea mtu hadi kizingitini pake, liko moja ambalo aghalabu hupitiwa juu juu, nalo ni hili: jamaa aliyevuka bahari kuja kutuzuru, je, tumhesabu kuwa ni mgeni, au tumhesabu kuwa ni mtu wa nyumbani? Kwa dhahiri yake suala hili ni jepesi, na wengi watalijibu kwa tabasamu. Lakini mgeni ana haki zake na jamaa ana zake, na mwenye kuzichanganya huenda akamkirimu mtu mwezi mzima ilhali amemnyima kile hasa alichokijia.

Natoa mfano wa Maskati, kwa kuwa huko suala hili halina siku ya kupumzika. Familia nyingi zilizotoka Unguja na Pemba baada ya Mapinduzi ya 1964, na zaidi baada ya Sultan Qaboos kushika utawala Julai 1970 na kuwaita Waomani waliotawanyika nchi za nje warudi, zimejenga maskani yao huko, zikaingia katika kazi za serikali na za biashara, na hata leo katika nyumba zao utasikia Kiswahili kikisemwa jikoni na Kiarabu kikisemwa barazani. Jamaa wa Unguja hufika kwa safari ya ndege ya saa tano hivi, na sanduku lake, hata kabla halijafunguliwa, limekwisha kutangaza kwa harufu karafuu, ubuyu na dagaa wakavu vilivyomo ndani. Na wenyeji, kwa furaha isiyo na unafiki, huanza palepale kupanga wampeleke wapi.

Tangu Mei 2013 mapumziko ya wiki huko ni Ijumaa na Jumamosi, badala ya Alhamisi na Ijumaa kama ilivyokuwa zamani, na katika siku hizo mbili ndimo familia inamotaka kulipa deni lote la mapenzi. Alfajiri ya Ijumaa gari huelekea Nizwa, masafa ya takriban kilomita 160, ili huyo mzee wa Unguja awahi mnada wa mbuzi, ambapo wauzaji huwazungusha wanyama wao katika duara mbele ya wanunuzi, na mwenye kutaka humsimamisha mwenye mbuzi, akampapasa mnyama mgongoni, akamtazama meno, akataja bei yake. Kisha huonyeshwa ngome ya Imamu Sultan bin Saif, yule ambaye Wareno walitolewa Maskati katika zama zake, mwaka 1650. Na kesho yake hupandishwa Jabal Akhdar, ambako askari wa Birkat al-Mauz humrudisha kila aliyekuja na gari lisilo na nguvu katika magurudumu yote manne, na ambako, msimu ukiwa ni wa mawaridi, mzee ataona maua yakipikwa yatoke maji ya waridi. Yote haya ni mema. Lakini jioni ya Jumamosi ikishapita, mume na mke hurudi kazini, watoto hurudi shuleni, na mzee hubaki na kiyoyozi na televisheni mpaka Alhamisi, akiambiwa kila anaponyanyuka, “Starehe mjomba, wewe usijisumbue.” Basi zile siku mbili za matembezi zimegeuka kuwa kafara ya siku tano za upweke.

Tutazame sheria inasemaje. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Shuraih al-Khuzai, nayo imo katika Bukhari na Muslim, ukarimu wa mgeni umewekewa siku tatu, na kinachozidi hapo kimehesabiwa kuwa ni sadaka, na mgeni naye amekatazwa kukaa hadi akamtia mwenyeji wake katika dhiki. Mpaka huu ni wa hekima kubwa, kwani mgeni asiyejulikana hana dai jingine kwako ila lile la njia iliyomfikisha. Lakini udugu wa damu haukuwekewa siku tatu wala thelathini. Katika Sura ya Al-Israa, aya ya 26, jamaa ametajwa mbali na msafiri ametajwa mbali, na kila mmoja ameamriwa apewe haki yake. Na zaidi ya hayo, aya hiyohiyo inayoamrisha haki hizo ndiyo inayokataza ubadhirifu. Mwenye kukopa ili ampeleke mjomba wake mahoteli ya milimani na aisome aya hiyo hadi mwisho wake.

Nao mlango wa sala ya safari watufunza jambo ambalo naliona ni ufunguo wa suala zima. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wa watu wa pwani yetu, msafiri aliyenuia kukaa mahali siku nne kamili, pasi na kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, huwa ni mkaazi tangu anapofika, na hutimiza sala zake. Kwa madhehebu ya Ibadhi, ambayo ndiyo ya Waomani wengi, mtu aliyetoka kwao akapita farsakh mbili, yaani kiasi cha kilomita 12, hupunguza sala zake maadamu hajapafanya pale alipo kuwa ni makazi yake ya kudumu, hata akikaa miaka.

Zingatia, basi, nyumba moja ya Maskati ambayo mwenyewe ni Mwibadhi wa Nizwa, anayeishi mjini kwa ajili ya kazi tu, na mkewe ni mtu wa Unguja, naye mjomba wa mke, Mshafii, amekuja kukaa mwezi. Inapofika Isha mwenye nyumba husalisha, kwa kuwa uimamu wa nyumbani ni haki yake. Husali rakaa mbili akatoa salamu, na yule mzee nyuma yake, aliyeshuka ndege juzi, husimama kuzitimiza mbili zilizobaki. Ijumaa wanapokuwa Nizwa, nyumbani kwa wazee wa mume, mjomba hutangulizwa kwa heshima ya umri wake. Naye, kwa kuwa ni safari ya usiku mmoja, husali Alasiri rakaa mbili, na mara hii ni mkwewe anayesimama kukamilisha. Katika nyumba ile ya Maskati, kwa hukumu ya sala, mgeni ndiye mkaazi na mwenyeji ndiye msafiri!

Hapa pana funzo. Sheria haikumwuliza mtu cheti cha kuzaliwa wala hati ya nyumba. Imemwuliza nia yake, na alipojibu kwamba anakaa, haikumwambia apumzike, bali imemrudishia mzigo wake wote wa rakaa nne. Ukaazi, kwa hiyo, hujulikana kwa wajibu kabla haujajulikana kwa raha. Na wahenga wetu, waliosema mgeni siku mbili, ya tatu umpe jembe, hawakukusudia kumfukuza mtu kama wengi wanavyodhani. Waliona kuwa anayepewa jembe amepewa na shamba, na anayelimishwa ndiye anayehesabiwa katika mavuno.

Yuko atakayenipinga kuwa ni utovu wa adabu kumtumikisha mzee aliyetulea, na kwamba yeye alikwisha kulima zamani. Nami nakubali kuwa si kila mgongo unaobeba, na kwamba mzee mgonjwa haki yake ni kuhudumiwa. Lakini jembe la Maskati si la chuma. Mzee aliyekulia Malindi ya Unguja, akipelekwa soko la samaki la Seeb akaachiwa achague nguru mwenyewe, akamfunua shavu kutazama wekundu wake, kisha akapewa kisu amkate vipande vya kupaka, ameheshimiwa kuliko aliyewekewa sahani ya hotelini. Akiachiwa wajukuu awasomeshe Juzuu Amma baada ya Magharibi, na awasahihishe Kiswahili chao, amepewa kazi ambayo hakuna mwalimu wa kukodi atakayeiweza kama yeye. Na jembe zito kuliko yote ni ukweli: aambiwe kodi ya nyumba ni kiasi gani, kazi ina hofu gani, na kijana gani amewashinda wazazi wake, ili atoe shauri lake, maana tunaowaficha dhiki zetu ni wageni.

Hukumu yangu, basi, ni kwamba siku tatu za mwanzo jamaa apewe haki ya mgeni bila ya upungufu, karamu na matembezi, kwa kuwa njia imemchosha. Na kuanzia ya nne apewe haki ya jamaa, ambayo ni kubwa zaidi, nayo ni kuhitajiwa. Matembezi ya Ijumaa yasikatwe, ila yeye naye awe na neno katika kuamua waende wapi, au wasiende. Na wenyeji wa ughaibuni wajue ya kuwa faida ya jambo hili hairudi kwa mzee peke yake, kwani nyumba ambayo jamaa wote huingia wakiwa wageni na kutoka wakiwa wageni, hata ingekuwa na hati miliki na bustani ya mitende, wenyewe wangali wakikaa humo kama wapangaji.